Bei ya Kisiwa cha Lemeri

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumanne tarehe 11 Oktoba 1994, maiti ya mwanamume ilikutwa katika Kisiwa cha Lemeri, katikati ya Mto Kaya, mbele ya Koboko. Ililala chali juu ya mchanga mkavu, mahali ambapo maji ya mafuriko hayafiki. Viatu vilikuwa vimevuliwa na kupangwa pembeni.

Inspekta Dramadri wa idara ya upelelezi alifika kutoka Arua saa tano. Mvua ilikuwa imeikata barabara, na Landrova ya polisi ilisukumwa njiani zaidi ya mara moja. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Hakujaribu kuyafuta. Alikuwa na miaka ishirini na minne kazini, na alijua kwamba kuna matope mengine mbele.

Kisiwa kilikuwa kidogo. Upande wa chini kilikuwa na matete, upande wa juu mashamba. Hakuna aliyelala pale. Watu wa kijiji cha ng'ambo walivuka asubuhi kulima na kuchunga, wakarudi jioni. Kila bua la tete lilikuwa limevaa plastiki: mifuko ya nailoni, vipande vya turubai la buluu, makopo ya mafuta ya msaada. Vilitoka kambi za wakimbizi kule juu. Kila mafuriko yalileta vingine.

Koplo Hadijah, aliyeilinda maiti tangu asubuhi, alipiga saluti.

"Amejulikana?"

"Ndiyo, afande. Okuonzi, mthamini. Mtu wa Arua, Awindiri. Shirika la misaada lilimleta kutathmini hasara."

"Hasara gani?"

Hadijah alinyoosha kidole kwenye matete. "Hiyo. Ile plastiki ni yao. Walikubali kuwalipa watu, lakini kwanza walitaka kujua kisiwa kimepungua thamani kiasi gani."

Dramadri alichuchumaa. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Saa ilikuwa bado mkononi, pochi mfukoni. Macho yalikuwa yamefumbwa. Kipande cha kitambaa cheupe kilipita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Kingine kilifunga pamoja vidole gumba vya miguu.

"Nani amemfunga hivi?"

"Si mimi, afande. Na Wani anasema hakumgusa."

Wani, mwenye mtumbwi, ndiye aliyeikuta maiti. Alisimama mbali, mikono nyuma.

"Ulimvusha lini?" Dramadri aliuliza.

"Jana, afande. Jua napita kichwa."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Ulimfuata?"

"Jua nataka kulala, mimi nakuja. Naita, naita. Mutu hapana jibu. Mimi nafikiri amepita kivuko cha miguu, ameenda yake. Asubuhi nakuja angalia nyavu, naona viatu."

"Jana nani mwingine alikuwa kisiwani?"

"Hapana mutu."

"Nusu ya kijiji ina mashamba hapa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kupalilia?"

"Jana baridi ilikuwa mingi, afande."

Hadijah aliguna. "Wani, wewe unaogopa baridi tangu lini? Mtu unashinda ndani ya maji kama kambale!"

Wani hakucheka. Aliangalia matete.

"Nyavu zako zimo katika tathmini?" Dramadri aliuliza.

"Zimo, afande. Zote nne. Kavera, hii plastiki, imekula zote."

Dramadri aliandika jibu hilo. Kisha akaamuru maiti ipelekwe Arua.

Ofisi ya shirika mjini Koboko ilikuwa nyumba ya bati yenye meza mbili na redio ya mawasiliano. Mkuu wake, Bibi Margarita, alikuwa amelia, lakini sasa alikuwa amenawa uso. Aliweka mezani orodha ya bei.

"Aliitengeneza mwenyewe," alisema. "Ng'ombe, mbuzi, wavu, mzigo wa matete, tuta la mboga. Anahesabu kilichopotea, anazidisha kwa bei ya soko."

"Na kisichouzwa sokoni?"

"Anatafuta njia. Zamani kina mama walichota maji pale pale kisiwani. Sasa maji yananuka, wanakwenda kisimani. Alipima muda wa kutembea, akauzidisha kwa ujira wa kibarua."

"Ndege?"

"Ndege hawana mwenyewe."

Dramadri aliipitia orodha. Ilikuwa kazi safi. "Nani alimkasirikia?"

"Wote, kwa zamu. Ng'ombe akimeza plastiki akaanguka, wanamwahi kwa kisu kabla hajafa, ili nyama iwe halali. Lakini nyama ikiliwa, hasara inapungua. Kwa hiyo aliwakata bei ya nyama. Walisema anawalipa kwa kuacha ng'ombe wao wawe mizoga. Alikuwa na haki, kihesabu. Na hakumpendelea mtu."

"Malipo yalikuwa yaanze lini?"

"Mwisho wa mwezi. Sasa inategemea. Nimeongea na makao makuu, Kampala. Ikiwa aliuawa na jambazi, au kwa ugomvi wake binafsi, tunalipa. Ikiwa aliuawa kwa sababu ya tathmini, wanafunga kazi. Hawalipi mtu."

"Watu wa kisiwa wanajua?"

"Niliwaambia leo asubuhi. Nilitaka wamtoe mhalifu."

"Umewaambia wanyamaze," alisema Dramadri.



Jumatano asubuhi, katika chumba cha maiti cha Arua, Daktari Pasca alimaliza uchunguzi na kuvua glavu.

"Pigo moja. Chuma kizito, bapa. Mgongo wa jembe, kwa mfano. Hakuishi dakika nyingi."

"Alipigwa pale alipolala?"

"Hapana. Chini yake kulikuwa na mchanga, sivyo? Kwenye jeraha nimetoa udongo mweusi uliochanganywa na majivu. Aliangukia shambani. Mtu alimbeba baadaye."

"Kwa nini ambebe?"

"Hilo ni swali la polisi, Inspekta. Mimi nina maswali yangu, na umeme unakatika saa sita."

Vile vitambaa viwili vilikuwa bado mahali pake. Daktari alichukua mkasi.

"Subiri, daktari," alisema Hadijah. "Naomba nifungue."

Alivuta ncha moja ya fundo la miguuni. Likaachia mara moja. Akavuta la utosini. Likaachia vile vile.

"Kamba za maiti hufunguliwa kaburini, afande. Kwa hiyo zinafungwa hivi, zifunguke kwa mkono mmoja. Na kitambaa hiki ni bafta. Cha sanda."

"Kila Mwislamu anajua kufunga hivi?"

"Baba yangu ni Mwislamu tangu tumboni, na hajui kufunga hata mbuzi. Huyu ni mwosha maiti."

"Okuonzi alikuwa Mkristo."

"Aliyemfunga hakuuliza dini, afande. Aliona mdomo uko wazi."

Dramadri alivitia vitambaa katika bahasha, akaandika tarehe na saa juu yake.

Kutoka hospitali walikwenda Awindiri. Mjane wa Okuonzi alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake waliokuja kumlilia maiti. Alijibu kwa sauti ndogo.

"Alikuwa na adui?"

"Hakuwa na muda wa adui. Alikuwa na hesabu."

"Alikuja nyumbani Jumapili. Alisema nini kuhusu kazi?"

"Alisema kuna mzee mmoja wa kisiwani amemshinda. Kila siku anamwomba kitu ambacho hakina nafasi kwenye kazi yake. Hakulala vizuri kwa ajili ya huyo mzee. Jumatatu alfajiri aliamka amefurahi. Alisema, 'Nimemtafutia njia.'"

"Njia ya nini?"

"Sikumuuliza. Gari lilikuwa linapiga honi."

Alhamisi Dramadri alirudi Koboko. Hadijah alivuka kisiwani na kupekua mashamba. Udongo wa mahindi na wa mihogo ulikuwa mtupu. Majivu yalikuwa katika matuta ya vitunguu peke yake, na matuta ya vitunguu yalikuwa ya mtu mmoja: Mzee Hamuza Abiriga, mwanajeshi wa zamani, aliyekimbilia Zaire mwaka 1979 na kurudi baadaye bila kitu. Dramadri naye alikwenda kwa imamu. Aliuliza nani anayeosha maiti za wanaume upande ule wa mto. Imamu alitaja jina lile lile.

Dramadri hakwenda kwa mzee moja kwa moja. Alikwenda sokoni kwanza. Kaltumu, binti wa Hamuza, alikuwa amepanga vitunguu vyake juu ya gunia.

"Fungu bei gani, mama?"

"Afande hapana kuja kununua," alisema Kaltumu. "Afande ananunua kitunguu na bahasha mkononi?"

Dramadri alikaa kwenye kreti tupu. Magoti yalimuuma. "Baba yako aliosha maiti mara ya mwisho lini?"

Mkono wa Kaltumu, uliokuwa unapanga vitunguu, ulisimama.

"Mwezi wa nane. Mtoto wangu. Taban."

"Alikuwa na umri gani?"

"Miaka saba. Alikuwa anavuka kivuko cha miguu, anapeleka chakula kwa babu yake shambani. Maji hapana mengi. Hapa." Aligusa kiuno. "Turubai lilikuwa limezama chini. Mguu uliingia, likamfunga. Baba alikata plastiki na kisu cha vitunguu, akamtoa. Alimwosha mwenyewe. Hapana kubali mtu amsaidie."

"Mthamini alijua?"

"Baba alimwambia kila siku. Alimwambia, 'Wewe unaandika vitu plastiki imeharibu. Andika na Taban.' Hapana kuomba pesa. Jina tu, ndani ya kitabu cha kisiwa. Yule mtu alisema shirika hapana nafasi ya mutu."

"Jumatatu baba yako alikuwa wapi?"

Mteja alisimama, akaona sare ya dereva wa polisi aliyengoja kando, akaenda zake.

"Mama Taban, nimekuuliza."

"Watu wamesema tusiseme. Wani anangoja nyavu. Jirani yangu ng'ombe wake watatu wamekufa. Wote wanangoja."

"Sikuulizi habari za watu."

"Alirudi jua limezama," alisema mwishoni. "Hapana kula. Alioga kwanza, mwili mzima, kama anavyooga akitoka kuosha maiti. Nikamuuliza, baba, nani amekufa? Akasema hakuna mutu."

Dramadri alisimama kwa shida. Alikuwa na jibu, na halikumpa raha yoyote.

Hamuza alikuwa nyumbani, chini ya ukingo wa paa, anafunga vitunguu mafungu mafungu. Alipowaona Dramadri na Hadijah alisimama wima, visigino pamoja.

"Karibu, afande. Mimi iko hapa."

"Kaa, Mzee. Jumatatu ulikuwa kisiwani?"

"Hapana."

"Jembe lako liko wapi?"

Liliegemea ukuta. Chuma chake kiling'aa kuliko cha jembe jipya.

"Umeliosha."

"Jembe ni chuma, afande. Jeshini walitufundisha kuosha chuma."

Dramadri alifungua bahasha, akaviweka vile vitambaa viwili juu ya mkeka. Hamuza aliviangalia. Uso wake haukubadilika mara moja. Ulichukua muda, kama mtu anayejaribu kumtambua ndugu kwa mbali.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwenye maiti ya Okuonzi. Taya, na vidole vya miguu."

"Uongo."

"Koplo?"

"Ni kweli, baba," Hadijah alisema taratibu. "Nimefungua kwa mkono wangu. Nilivuta upande mmoja, ikaachia."

Hamuza aliingiza mkono katika mfuko wa kanzu. Akatoa kipande cha bafta, kilichokunjwa vizuri, akakilinganisha na vile vya mkekani. Upana ulikuwa mmoja.

"Unatembea na sanda mfukoni?" Dramadri aliuliza.

"Mutu anakufa wakati wowote." Alivitazama tena. "Mimi nilimtoa shambani kwa sababu maji yalikuwa yanapanda. Nilimweka juu. Nilimwacha vile vile, nikaenda. Ndivyo mimi nakumbuka."

"Viatu je?"

"Viatu hapana kumbuka."

"Ulivivua. Ukafunga miguu, ukafunga taya, ukafumba macho."

Hamuza aligeuza viganja vyake juu.

"Basi ni mikono," alisema. "Mimi hapana. Mikono tu."

Dramadri alimpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakalosema litaandikwa. Kisha wakampeleka kituoni. Mzee alitembea mbele yao bila pingu. Watu walitoka kwenye nyumba zao na hakuna aliyemsalimia askari.

Kituoni alikaa wima kwenye kiti.

"Andika, yule mutu alinitukana. Mama yangu alimtukana. Mimi nikakasirika, nikapiga."

"Alikutukana?"

"Hapana. Lakini andika."

"Niambie kilichotokea, Mzee."

Hamuza alisema kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake.

"Jumatatu anakuja shambani, anacheka. Anasema, 'Mzee, nimepata njia.' Anakaa chini, udongo wa vitunguu, na suruali yake safi. Anasema shirika hapana bei ya mutu, lakini iko bei ya kazi. Mtoto anachunga mbuzi. Anafukuza ndege. Hiyo ni kazi ya kisiwa, plastiki imeiharibu, basi inaingia. Anaanza kupiga hesabu. Kazi ya Taban, mpaka Taban anakuwa mkubwa."

"Endelea."

"Halafu anatoa chakula. Mimi nauliza, chakula gani? Anasema, 'Mzee, kama mtoto angeishi, angekula. Lazima nitoe chakula chake, ndiyo kanuni.' Anatoa. Anatoa na nguo. Inabaki shilingi elfu kumi na mbili."

Hadijah, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Karatasi yake ya bei mimi naijua," Hamuza aliendelea. "Mbuzi ni elfu kumi na tano."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, futa. Anauliza, 'Kwa nini, Mzee? Nimehangaika kwa ajili yako.' Nikamwambia tena, futa. Anafikiri mimi nataka zaidi. Anasema, 'Haya, usikasirike, acha nione kama naweza kuongeza kidogo.' Anainama, anaanza kuandika upya. Jembe lilikuwa mkononi, afande. Hapana mutu mbaya, yule. Wakati inaanguka alikuwa bado anahesabu kwa mdomo."

Dramadri aliandika kwa dakika kadhaa.

"Afande," Hamuza alisema. "Mimi nimeua. Nifunge, ninyonge, hiyo ni yangu. Lakini Taban usimwandike."

"Ulitaka aandikwe."

"Nilitaka. Sasa sitaki. Ukiandika Taban, ile mama ya shirika inafunga kazi. Wani hapana pata nyavu. Watu hapana pata ng'ombe. Wote kwa sababu ya mtoto wangu. Andika matusi. Uongo mmoja, watu wengi wanakula."

Dramadri aliweka kalamu chini. Alijipangusa macho kwa vidole viwili. Kwa miaka yake yote kazini alikuwa ameombwa uongo na wezi, na wabakaji, na maofisa waliomzidi cheo. Uongo ule ulikuwa rahisi kuukataa.

"Matusi hayakuwepo," alisema. "Siwezi kuandika kisichokuwepo."

"Hata kama mimi mwenyewe naomba?"

"Hata kama."

Alimaliza kuandika, akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, polepole. Jina la Taban lilitajwa mara nyingi. Hesabu ya Okuonzi ilikuwemo, pamoja na chakula na nguo zilizotolewa. Hamuza alisikiliza akiangalia ukuta.

"Ni kweli?" Dramadri aliuliza.



"Ni kweli, afande."

Alichukua kalamu, akatia sahihi, na chini yake akaandika namba yake ya zamani ya jeshi.

Jumamosi saa nne asubuhi ujumbe wa Kampala ulifika kwa redio. Bibi Margarita aliuleta kituoni mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuusoma mbele ya watu, Dramadri aliwasomea watu waliokusanyika uani. Tathmini ya Kisiwa cha Lemeri imefungwa. Hakuna malipo.

Wani alitema mate karibu na kiatu cha inspekta, akageuka na kuondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila maneno.

Kaltumu alibaki. Kapu la vitunguu lilikuwa miguuni pake.

"Jina la Taban iko ndani ya karatasi ya baba?"

"Limo."

"Na ile bei baba ameniambia?"

Dramadri alimtazama.

"Nayo imo."

Kaltumu alitikisa kichwa taratibu, kama aliyesikia habari ya mbali. Akainama, akaliinua kapu na kulitua kichwani, akashika njia ya sokoni.